Kwa Nini Jirani Anamsaliti Jirani: Somo la Gunia la Vitunguu

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za miradi za sharika na wageni wafadhili, Karatu



Nimeombwa nizungumze juu ya uendelevu wa miradi. Neno hili tumelizoea mno. Hakuna taarifa ya robo mwaka isiyokuwa nalo. Leo naomba tulishushe chini kidogo. Mradi unaendelea pale watu wanapoendelea kufanya walichokubaliana hata siku ambayo hakuna anayewasimamia. Hivyo, kabla ya kuwa suala la saruji, mabomba na mbegu, uendelevu ni suala la kuaminiana. Mradi unapokufa mara nyingi tunasema, "Watu wetu hawaaminiki." Nimekuja kuwaomba tuliache neno hilo, kwa sababu si la kweli na pia halitusaidii kufanya lolote.

Wataalamu wa hesabu na uchumi wana tawi la elimu linaloitwa nadharia ya michezo. Jina lisiwapotoshe. Haihusu mpira, ingawa mcheza bao ataielewa upesi. Ni elimu inayochunguza uamuzi wa mtu pale ambapo atakachopata hakitegemei uamuzi wake peke yake, bali na uamuzi wa mwenzake pia. Tuanze na mfano tunaoufahamu wote.

Hesabu ya lumbesa

Kule Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, wakulima wetu wanalima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Wanunuzi huja na malori kutoka Arusha, Dar es Salaam na hata Kenya. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo kwa ajili ya kuisimamia. Hata hivyo malalamiko ya lumbesa, lile gunia linaloongezwa kichwa juu mpaka linakaribia kuwa gunia na nusu, yamekuwa yakirudi msimu hadi msimu. Kwa nini mkulima anakubali kuibiwa huku anaona?

Tufanye hesabu ya mezani. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, si bei ya soko. Kuna wakulima wawili majirani, kila mmoja ana kilo 1,200. Kwa gunia la kilo 100 kila mmoja ana magunia 12. Kwa lumbesa ya kilo 150 ana magunia 8. Bei ya gunia ni shilingi 60,000, liwe dogo au kubwa.

Wakikataa lumbesa wote wawili, mnunuzi hana pa kukimbilia, na kila mkulima anapata shilingi 720,000. Wakikubali wote wawili, kila mmoja anapata 480,000. Mmoja akikubali na mwingine akikataa, mnunuzi humpa yule aliyekubali bei nzuri ili avunje umoja wao, tuseme 95,000 kwa gunia. Huyo anaondoka na 760,000. Yule aliyeshika msimamo, lori linaondoka bila mzigo wake, vitunguu vinaanza kuoza, na mwishowe anaviuza kwa bei ya kutupa na kupata 300,000.

Sasa ingieni ndani ya kichwa cha mkulima mmoja usiku kabla ya lori kufika. Anajiuliza: jirani yangu akikataa, mimi nikikubali napata 760,000 badala ya 720,000. Jirani akikubali, mimi nikikubali napata 480,000 badala ya 300,000. Kwa vyovyote atakavyofanya jirani, mimi nafuu yangu ni kukubali. Na jirani naye, upande wa pili wa mfereji, anapiga hesabu ile ile. Asubuhi wote wawili wanajaza lumbesa, na kila mmoja anapoteza shilingi 240,000 ambazo angezipata kama wangeshikamana.

Angalieni vizuri: katika hesabu hii hakuna mtu mbaya. Mkulima anavunja ahadi kwa sababu anaogopa kubaki mjinga peke yake. Tamaa ya zile 40,000 za ziada ipo, lakini hofu ya kuangukia 300,000 ni kubwa zaidi.

Jambo hili halikugunduliwa kwetu. Mwaka 1950 Merrill Flood na Melvin Dresher, waliokuwa wakifanya kazi katika shirika la utafiti la RAND huko California, Marekani, walitunga mchezo wa namna hiyo. Albert Tucker, mwalimu wa hesabu, akauwekea hadithi ya wafungwa wawili waliowekwa vyumba tofauti, kila mmoja akiahidiwa nafuu iwapo atamtaja mwenzake. Tangu hapo unaitwa mtanziko wa mfungwa. Wafungwa wale na wakulima wetu wamekwama mahali pamoja: kila mmoja anaamua peke yake, gizani, bila kujua mwenzake atafanya nini.

Majirani zetu wa Eyasi wanatufundisha nini

Mtu anaweza kusema, "Basi ndivyo binadamu alivyo." Hapana. Ushahidi mzuri wa kulijibu hilo umetoka hapa hapa kwetu, kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya asali na mizizi kulizunguka Ziwa Eyasi.

Mwaka 2010 Coren Apicella na wenzake walizungukia kambi 17 za Wahadzabe na kuzungumza na watu wazima 205. Kila mtu alipewa mirija minne ya asali. Angeweza kuiweka yote, au kutoa kiasi kwa ajili ya kambi. Kila mrija uliotolewa uliongezewa mingine na watafiti, kisha asali yote ikagawanywa sawa kwa waliokuwemo. Ni mtanziko ule ule: kambi nzima inafaidika wote wakitoa, lakini kila mtu peke yake anafaidika zaidi akiweka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Ikaonekana kwamba watoaji hawakutawanyika ovyo. Kambi moja ilikuwa na watoaji wengi, nyingine ilikuwa na wawekaji wengi.

Wengi tungedhani kwamba watu wema wametafutana wakakaa pamoja. Lakini watafiti waliendelea kurudi mpaka mwaka 2016, wakafikia watu 383 katika kambi 56. Wahadzabe huhama sana, hivyo mtu yule yule aliweza kupimwa akiwa kambi hii na baadaye kambi nyingine. Taarifa yao ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba ukarimu wa mtu mwaka mmoja haukutabiri ukarimu wake miaka iliyofuata. Kilichotabiri ni watu aliokuwa akiishi nao wakati huo. Akiwa kwenye kambi ya watoaji, alitoa. Akihamia kambi ya wawekaji, aliweka.

Ndugu zangu, hili ni neno zito kwa kamati zetu. Maana yake ni kwamba uaminifu hutoka kwenye kambi kuliko kwenye kifua cha mtu. Ukimchukua mjumbe yule yule aliyeshindwa kwenye kikundi kimoja ukamweka kwenye kikundi kingine chenye taratibu njema, unaweza usimtambue.

Kuna jambo la pili kutoka Eyasi. Katika utafiti wa jamii 15 za mabara mbalimbali uliotangazwa mwaka 2001, Frank Marlowe alicheza na Wahadzabe mchezo wa kugawana fedha ambapo mgawaji hakujua anamgawia nani. Watu hawa wanaosifika kwa kugawana nyama kambini walitoa kidogo, na baadhi ya wapokeaji wakakataa walichopewa. Nyama ya mnyama mkubwa hugawanywa mbele ya macho ya kambi nzima, na kila mwenye njaa anadai fungu lake. Fedha zile ziligawanywa kwa siri. Basi tusishangae daftari la mtunza hazina linalofungiwa kabatini likizaa maneno. Mtu yule yule, daftari likisomwa kwa sauti mbele ya mkutano, mwenendo wake ni mwingine.

Mkopo ni mkopo, osotua ni osotua

Sasa tupande juu, kwa ndugu zetu Wamaasai wa Ngorongoro. Wao wana neno osotua. Maana yake ya asili ni kitovu, ule uzi unaomuunga mtoto na mama. Watu walio katika osotua huombana pale tu mmoja anapokuwa na shida ya kweli, na mwenye uwezo hutoa kiasi kinachohitajika. Hakuna anayeandika deni. Uhusiano huo unaweza kurithiwa na watoto. Kwa mfugaji anayeweza kupoteza mifugo kwa ukame wa mwaka mmoja, hiyo ndiyo bima yake.

Mtafiti Lee Cronk alichezesha Wamaasai wa Kenya mchezo wa kuaminiana. Mchezaji wa kwanza hupewa fedha na kuamua atume kiasi gani kwa mwenzake. Kinachotumwa huongezwa mara tatu, na wa pili huamua arudishe kiasi gani. Baadhi ya wachezaji waliambiwa kwamba mchezo huu ni wa osotua, wengine hawakuambiwa lolote. Katika matokeo aliyotoa mwaka 2007, walioambiwa ni osotua walitumiana kidogo zaidi, na walitazamia kurudishiwa kidogo zaidi. Hawakuwa wachoyo. Osotua si mahali pa kutafuta faida. Mtu hutoa kadiri ya shida iliyopo, na mezani hapakuwa na mwenye shida.

Ninawaletea habari hii kwa sababu ya miradi yetu ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, mbuzi wa kuzungusha na mifuko ya mikopo midogo. Tukimwambia mfadhili kwamba ni mkopo, tukamwambia mpokeaji kwamba ni msaada, na mpokeaji akasikia kwamba ni osotua, tumewaweka watu watatu katika michezo mitatu tofauti. Mama asiyerudisha ndama mwaka wa ukame anajiona hana kosa, kwa kuwa shida imempata na mwenye nacho anapaswa kuelewa. Jirani anayesubiri zamu yake anaona amesalitiwa. Wote wawili wana haki kwa kanuni anayoijua kila mmoja. Kamati iamue tangu mwanzo, na itamke kwa lugha ya wenyeji: huu ni mkopo, au huu ni msaada. Na kama jamii inahitaji vyote viwili, viwe na vikapu viwili na madaftari mawili.

Nipe nikupe, na tarehe ya mwisho

Nirudi kwenye mtanziko wetu. Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaalika wataalamu wamletee programu za kompyuta zishindane katika mtanziko huu, zikikutana tena na tena. Mara ya kwanza zililetwa programu 14, mara ya pili 62. Mara zote mbili iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, iliyoletwa na Profesa Anatol Rapoport wa Toronto. Sisi tungeiita nipe nikupe. Inaanza kwa kushirikiana. Baada ya hapo inafanya kile mwenzake alichofanya mara iliyopita: akishirikiana, nayo inashirikiana, akisaliti, nayo inamjibu mara moja, akirudi kwenye wema, inasahau ya nyuma.

Axelrod aliandika kitabu mwaka 1984 akieleza kwa nini ilishinda: haianzi ubaya, haivumilii ubaya kimya, haiweki kinyongo, na inaeleweka kirahisi. Ina udhaifu mmoja. Mmoja akikosea kwa bahati mbaya, wanaweza kulipizana bila mwisho. Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba panapokuwa na makosa ya bahati mbaya, inayosamehe mara moja moja huendelea vizuri zaidi. Kwa lugha ya kamati: mwanachama asipoleta mchango, kwanza muulizeni. Huenda mtoto alikuwa hospitali. Lakini asipoulizwa kabisa, wengine wote wanajifunza kwamba hata wao hawataulizwa.

Hata hivyo nipe nikupe hufanya kazi pale tu watu wanapojua kwamba watakutana tena. Hapa nawaomba wafadhili wetu wanisikilize kwa makini. Ikiwa tarehe ya mwisho inajulikana, katika mzunguko wa mwisho hakuna wa kumwogopa, kwa hiyo usaliti unalipa. Kila mmoja akilijua hilo, mzunguko wa kabla ya mwisho nao unaanza kuoza, kisha ule wa kabla yake. Axelrod mwenyewe, katika shindano la pili, aliupanga mchezo hivi kwamba washindani wasijue utaishia wapi.

Sisi tunaandika mradi wa miaka mitatu na kutangaza siku ya kufunga tangu siku ya uzinduzi. Halafu mwaka wa tatu marejesho yanapungua, vifaa vinatoweka, na tunaandika katika taarifa kwamba jamii haikuwa na mwamko. Jamii ina mwamko kamili, imesoma kalenda. Simaanishi kwamba fedha za wafadhili zitoke milele. Namaanisha kwamba chombo kinachokusanya marejesho kisiwe cha mradi, kiwe cha wenyeji, chenye usajili wake, akaunti yake na mkutano wake wa mwaka, na kiwe kimeanza kazi mwaka wa kwanza. Mwanachama ajue kwamba ofisi ya mradi itafungwa, lakini Jumamosi ijayo atakutana na wenzake kama kawaida.

Kubadili hesabu

Je, tunatokaje kwenye mtanziko? Elinor Ostrom wa Marekani alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaotumia pamoja misitu, malisho, samaki na mifereji. Kitabu chake cha mwaka 1990 kilionyesha kwamba jamii nyingi zimetunza mali hizo kwa vizazi bila kuzigawa vipande na bila serikali kuzishika. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Alikuta mambo yanayofanana mahali pengi. Mipaka ya wanaohusika inajulikana. Kanuni zinatungwa na watumiaji wenyewe. Wanaokagua ni watumiaji, au wanawajibika kwao. Adhabu huanza ndogo na kupanda kwa anayerudia. Na pana mahali pa karibu, pasipo gharama kubwa, pa kusuluhisha ugomvi.

Mtu wa Mang'ola akisikia haya anakumbuka mfereji wake. Aliye karibu na banio anaweza kufungulia maji usiku, na aliye mwisho wa mfereji atajua asubuhi akiona majaruba makavu. Zamu ikiwa wazi, na anayefuata akiwepo kwenye mlango wa maji saa ya kupokezana, anayesubiri maji ndiye mkaguzi, na halipwi na mtu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, hivyo kanuni za wenyeji zinaweza kupata nguvu ya kisheria. Na wanaotumia maji haya wasisahau msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro unaolisha mito na chemchemi za Karatu. Banio la kwanza kabisa lipo kule juu, na wanaoishi kule wanapaswa kuwa na kiti kwenye mazungumzo yetu.

Tumalizie na gunia. Tuseme kijiji kimekubaliana vitunguu vyote vipimwe kwenye mizani moja, mahali pamoja, mchana, kila mtu akiona. Anayejaza lumbesa analipa faini ya shilingi 150,000. Na kuna banda la kuhifadhia linalopitisha hewa vizuri, ili aliyekosa lori la leo asubiri la wiki ijayo. Pigeni hesabu upya. Jirani akikataa, mimi nikikubali napata 760,000 nikitoa faini nabaki na 610,000. Nikikataa napata 720,000. Jirani akikubali, mimi nikikubali nabaki na 330,000. Nikikataa vitunguu vyangu vinasubiri bandani na ninapata, tuseme, 600,000. Kwa vyovyote atakavyofanya jirani, sasa nafuu yangu ni kukataa.

Wakulima ni wale wale na mioyo ni ile ile. Kilichobadilika ni mizani, faini na banda. Sheria peke yake ilikuwepo muda wote, lakini sheria haimwambii mkulima vitunguu vyake vilale wapi lori likiondoka. Kati ya hivyo vitatu naliweka banda mbele, kwa sababu ndilo linaloondoa hofu. Faini bila banda ni kumwadhibu mtu kwa kuogopa njaa.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Kamati za sharika: kabla ya kuandika ombi lolote la mradi, kaeni chini mwandike hesabu hii. Mwanachama akishika ahadi peke yake, wenzake wakamwacha, atapoteza nini? Kama jibu ni kwamba atapoteza chakula cha watoto, msimtegemee ashike ahadi. Kwanza mpunguzieni hasara hiyo. Wafadhili: mkipokea ombi lenye banda, mizani na fedha za mikutano, msione ni mambo madogo mkapendelea trekta. Fedha za mikutano ndizo zinazowatoa watu gizani wakaonana.

Fomu mpya ya maombi ina ukurasa wa nne kwa ajili ya hesabu hiyo, na tutapitia fomu zenu pamoja katika kikao cha robo ijayo.